Siku Nilipoyaosha Mataya ya Wazee

Mimi huwa siwaangalii watu machoni. Si kiburi, ni aibu tu, nimezaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na vidole virefu. Mtu akiongea nami, naangalia mdomo wake. Kwa hiyo tukikutana sokoni naweza nisijue macho yako yakoje, lakini meno yako nitayataja moja moja, lililopo na lisilokuwepo.

Nafagia zahanati. Ni zahanati ya umma, ina vyumba vitano, na chumba cha meno ndicho cha mwisho kabisa, baada ya stoo. Kwa miaka mingi chumba hicho kilikuwa na kazi moja tu: kung'oa. Mzee asiye na uwezo akija na jino bovu, bima ya umma ilimgharamia kung'olewa, akaenda zake na pamba mdomoni. Akirudi kuuliza sasa atatafunia nini, aliambiwa hilo halimo. Bibi yangu aling'olewa mengi pale, kwa awamu, na kila akitoka alisema maneno yaleyale:

"Hawa kutoa wanajua. Kurudisha ndiko hawajasomea."

Mwaka huu mpango ukapanuliwa. Tangazo likabandikwa mlangoni: wenye miaka sitini na kuendelea, na wote wasio na bima nyingine, watatengenezewa meno bandia bure. Ila ilikuwa kwa majaribio. Orodha ya kwanza ilikuwa ya watu kumi na wawili. Kazi yao ikienda vizuri, mkaguzi kutoka makao makuu angesaini orodha ya pili. Ikiharibika, vifaa vyote vingepakiwa kwenye gari na kupelekwa zahanati nyingine, na sisi tungerudi kwenye kung'oa.

Bibi alikuwa namba tatu kwenye orodha ya pili.

Ni Bibi aliyenilea. Tangu meno yake ya mwisho yaondoke, anakula akiwa ameelekea ukutani. "Usinitazame, mjukuu wangu," anasema, "natafuna kama mbuzi." Mkate lazima aloweke kwenye chai, na nyama alishaiaga. Bangili yake, ambayo zamani ilikuwa haitoki mkononi bila sabuni, siku hizi akiinua mkono inateleza mpaka kwenye kiwiko. Kwa hiyo wengine waliona orodha ya pili kama karatasi. Mimi niliiona ile bangili.

Waliofanya kazi hiyo walikuwa wawili. Dokta, mwanamke wa makamo mwenye mikono midogo na sauti kubwa, ndiye aliyepima vinywa. Fundi, mwanamume mrefu anayetembea ameinama kama anatafuta sindano, ndiye aliyetengeneza meno yenyewe. Dokta alikuwa anajaza udongo laini wa kupimia kwenye kijiko kipana cha chuma, anakipachika kinywani, wanasubiri ugande. Ukitoka, umebaki na umbo la taya. Hapo Fundi anamimina plasta, na plasta ikikauka, unapata sanamu nyeupe ya taya la mtu, na kila mkunjo wa ufizi wake.

Mimi sikuwa na kazi hapo zaidi ya kufagia. Lakini taa ya kwenye kiti ilikuwa imevunjika mkono, kwa hiyo Dokta alinipa tochi nimulike.

"Kimya," aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, "mwanga wako huo unamulika pua. Wewe umeona meno yanaota puani?"

Nikashusha tochi. Basi kwa siku tatu nikaangalia ndani ya vinywa vya wazee, kazi ambayo ningeweza kuifanya hata usingizini.

Kulikuwa na Mzee Redio, ambaye hakunyamaza hata kijiko kikiwa mdomoni. Mama Cherehani, mshonaji, alikuwa na ufizi wa mbele chini uliosimama kama ukingo wa sahani. Mlinzi mstaafu alibakiwa na jino moja tu na alikataa katakata ling'olewe. "Hili liko zamu," alimwambia Dokta. "Wenzake wameshatoroka, lenyewe lipo lindoni. Unalifukuza kwa kosa gani?" Na walikuwepo mawifi wawili, mkubwa na mdogo, waliokaa benchi moja na kugombana kuanzia asubuhi mpaka zamu yao ikafika.

Jumanne iliyofuata Dokta akaniambia, "Kimya, Alhamisi mkaguzi anakuja. Nataka chumba hiki king'ae mpaka inzi aone aibu kutua."

Nikasugua. Nilianza na madirisha, nikaja kwenye sakafu, kiti, mpaka miguu ya kiti. Nikafika kwenye rafu ya Fundi. Sanamu zilikuwa pale, jozi kumi na mbili, taya la juu na la chini yamefungwa pamoja kwa mpira. Zilikuwa na vumbi, alama za vidole na matone ya nta, na huku chini kuna mistari myeusimyeusi niliyodhani ni uchafu wa meza. Kichwa changu kilikuwa mbali. Nilikuwa nawaza Bibi akipata meno ataanza na nini, mahindi ya kuchoma au nyama.

Nikaleta ndoo, sabuni ya unga na brashi. Nikaosha jozi moja moja, kwa uangalifu, nisije nikachanganya la juu la huyu na la chini la yule. Kila jozi nikaifunga tena kwa mpira wake. Nikazipanga dirishani zipigwe na jua. Zilitoka nyeupe kama sukari. Nilirudi nyuma hatua mbili kuziangalia, na nakiri kwamba nilijisifu.

Saa sita Fundi akaja kuzichukua. Akageuza jozi ya kwanza, akaangalia chini. Akageuza ya pili. Ya tatu aliigeuza akaisogeza karibu na pua. Kisha akaketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kuambiwa.

"Dokta," akasema. "Namba ziko wapi?"

"Namba zipi?"

"Namba za watu. Niliandika kwa penseli, chini. Wino unatapakaa kwenye plasta, ndiyo maana huwa naandika kwa penseli."

Dokta akaja akageuza na yeye. "Umesahau kuandika, Fundi."

"Niliandika."

"Wiki iliyopita ulitafuta miwani nusu saa nzima na ulikuwa umeivaa."

Fundi akashika kichwa. "Inawezekana," akasema polepole. "Lakini namba kumi na mbili zote nizisahau?"

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika mpini wa fagio kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoelewa ile mistari myeusi ilikuwa nini. Na hapohapo nikaona mwanya: ningenyamaza, ingebaki kuwa Fundi amesahau, kama kawaida yake. Mimi ni Kimya, hakuna ambaye angeniuliza.

"Tuwapime upya," Dokta alisema.

"Kwa udongo gani? Umekwisha. Ule mfuko niliukung'uta mpaka ukalia. Mwingine unakuja mwezi ujao, na mkaguzi ni keshokutwa." Fundi alivua miwani, akajifuta uso kwa koti. "Ndiyo basi. Mimi nimewaponza wazee wa watu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeanza kujichukia, na hilo sikuliweza.

"Nimeziosha mimi," nikasema.

Dokta akaangalia dirishani, kisha darini. "Nani amesema?"

"Mimi." Nikatoka nyuma ya mlango. "Niliziosha kwa sabuni. Na brashi. Nilidhani ni uchafu."

"Uliziosha," Fundi akarudia. "Plasta. Kwa brashi."

"Na nikazianika."

Fundi aliachama. Ana meno mazuri, Fundi, isipokuwa moja la chini limepanda juu ya mwenzake. Nilikuwa naliangalia hilo, nikisubiri matusi. Yeye akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini kingine. "Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na mitatu," alisema, "plasta imevunjika, imeliwa na panya, imekaliwa na mgonjwa. Kuogeshwa, hii ni ya kwanza."

Nikasogea dirishani. Machozi yalikuwa karibu, kwa hiyo nikajishughulisha na sanamu, nikazigeuza nione kama kumebaki hata mkia wa namba. Hakukuwa na kitu. Lakini katikati ya kaakaa la jozi iliyokuwa mkononi kulikuwa na kinundu kidogo, kama punje ya hindi.

"Huyu ni Mzee Redio," nikasema.

"Nini?"

"Huyu. Ana hiki kinundu. Alipokuwa anaongea na kijiko mdomoni, kilikuwa kinagusagusa chuma."

Dokta alisogea. Alichukua ile sanamu, akapitisha kidole. Kisha akaniangalia kwa muda, nadhani. Mimi niliona kidevu chake tu.

"Huyu mwingine?"

"Mlinzi. Jino lake hili hapa, liko zamu."

"Huyo hata mimi namjua. Huyu?"

"Mama Cherehani. Huu ukingo wa mbele. Na huyu ni yule babu wa mwisho Jumatatu, taya lake la kulia limekwisha kuliko la kushoto, ndiyo maana akicheka mdomo unakwenda upande."

Fundi alikuwa ameshachukua penseli. Ileile penseli, mtu habadiliki kwa siku moja. Nikawa nataja, Dokta anakagua kwenye kadi zake kama maelezo yanakubaliana, Fundi anaandika. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo kwa siku moja. Tukafika jozi kumi, koo limenikauka.

Zikabaki mbili, ndogo zote, nyembamba zote.

"Hizi ni za mawifi," Dokta alisema. "Ipi ya nani?"

Niliziangalia juu, chini, pembeni. "Hao sikuwaona. Tochi iliishiwa betri, mkanituma dukani. Nilivyorudi walikuwa wameshamaliza, wanagombania nani ashike mkoba."

Kadi za wale wawili zilifanana kama waliandikiana. Fundi alikuna kichwa. "Tubahatishe," alisema. "Yakikataa huyu, yatakubali kwa mwenzake."

"Mbele ya mkaguzi?" Dokta alimuuliza.

Fundi akaziandika hivyohivyo.

Jumatano Fundi alitengeneza juu ya kila sanamu kibao chembamba chenye ukuta wa nta ya waridi. Mzee akivaa kibao hicho na kuuma nta, ndipo Fundi anajua meno yakae wapi na yawe marefu kiasi gani. Na hicho kibao hakina siri: kikiwa chako kinatulia, kikiwa cha mwingine kinacheza au kinachoma.

Alhamisi wazee wote kumi na wawili walifika kabla ya zahanati kufunguliwa. Mkaguzi alikuja saa tatu na jalada lake, mtu mzima, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Akakaa kwenye kona, akapewa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ile tabia ya kuandika kitu kila mtu anapokohoa.

Mzee Redio akawa wa kwanza. Kibao kikatulia kama kimezaliwa mle.

"Uma," Dokta alisema. "Usiongee."

"Naua," alisema Mzee Redio, nta ikiwa mdomoni.

"Nimesema usiongee!"

"Hiongei."

Benchi zima likacheka. Mlinzi akafuata, jino lake likapitishwa kwenye tundu lake kwa heshima zote. Mama Cherehani naye akauma, akatoa kibao, akakikagua mshono kama anavyokagua gauni, akasema kazi si mbaya. Tisa, kumi. Mkaguzi alikuwa anaweka alama za vema. Mimi nilishika tochi, nikihesabu waliobaki.

"Wifi mkubwa, karibu," Dokta alisema, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Kibao kiliingia. Alivyouma tu, uso ukajikunja.

"Aa, hapana. Inanichoma huku nyuma. Hii si yangu."

Wifi mdogo akanyanyuka kwenye benchi. "Kama si yako basi ni yangu! Itoe, usije ukaniharibia!"

"Nani anayetaka kitu chako? Mimi nivae meno yako? Bora nibaki na ufizi."

"Ndiyo uyatoe sasa!"

Mkaguzi aliacha kuandika. "Samahani," alisema. "Kwa nini kiwe cha mwingine? Kila kimoja si kina namba ya mtu?"

Fundi aliangalia viatu vyake. Dokta akaanza, "Unajua, Bwana Mkaguzi, kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi..." na nikajua anataka kunifunika. Nilimpenda kwa hilo. Lakini hitilafu ya kiufundi ingeandikwa kwa Fundi, na fundi mwenye hitilafu hapewi orodha ya pili. Ningesema ukweli, labda pia asingepewa. Bibi alikuwa nyumbani muda huo, ameniambia asubuhi nimletee habari yoyote, mbaya au nzuri, bora nisiipambe.

"Namba nilizifuta mimi," nikasema. "Mimi ni mfagizi. Niliosha sanamu kwa brashi, namba zikatoka. Fundi aliandika vizuri."

Safari hii hakuna aliyeuliza nani amesema.

"Zilitoka zote?" mkaguzi aliuliza.

"Zote."

"Na hawa kumi waliopita?"

"Niliwatambua. Kwa vinywa vyao. Hawa wawili tu sikuwaona."

"Binti, mbona unaniambia hayo huku unaangalia kidevu changu?"

"Nisamehe, mzee. Siangalii kidevu. Naangalia mdomo. Ndivyo nilivyo."

Mkaguzi akaegemea mbele. "Haya. Na kwenye huu mdomo wangu umeona nini?"

Sikutaka. Dokta akanigusa kiwiko: jibu.

"Jino la juu kushoto, kule nyuma," nikasema. "Chai yote umeinywea kulia. Na ukimeza ya moto, shavu la kushoto linajikunja."

Mzee Redio alipiga goti lake. "Amekukamata!" Benchi likaangua kicheko, na mkaguzi akafunika mdomo kwa jalada, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Dokta hakungoja ruhusa. Alitoa kibao, akakisuuza na kukichovya kwenye dawa, akabadilisha. Kile kingine kikatulia kwa wifi mkubwa. Cha kwanza kikatulia kwa wifi mdogo.

"Kumbe kinywa chako kidogo kuliko changu!" wifi mkubwa alishangaa. "Sasa yale maneno yote huwa yanatokea wapi?"

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu sana. Kalamu ilikuwa inakwaruza, mimi nilikuwa nafagia mahali pasafi. Mwishowe akasoma kwa sauti, bila kutazama mtu:

"Namba za wagonjwa zisiandikwe tena kwa penseli, zichongwe kwa kisu kwenye plasta. Mfagizi asioshe plasta." Akageuza ukurasa. "Wote kumi na wawili wamepimwa bila kasoro. Orodha ya pili iendelee." Akasaini, akagonga mhuri wake mwenyewe aliokuwa nao mfukoni.

Fundi alipiga makofi mara moja, akaona yuko peke yake, akajifanya anakung'uta vumbi.

Mkaguzi alipokuwa anafunga jalada, alimsogelea Dokta. "Hilo jino langu," alinong'ona, "mnaweza kulishughulikia?"

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na nane."

"Kung'oa, hata sasa hivi," Dokta alisema. "Kurudishiwa, subiri miaka miwili."

Habari niliipeleka nyumbani bila kuipamba. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwanza kama nilipigwa. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nimefukuzwa. Hapana. "Basi," alisema, na akaenda kutafuta gauni la kuvaa, ingawa siku yake ilikuwa bado wiki mbili na nusu.

Siku ilipofika akavaa hilohilo. Alipimwa, tukasubiri plasta ikauke na kibao kitengenezwe, akauma nta, akalalamika ina ladha ya mshumaa. Kisha Fundi akamletea kadi yenye vijino vya rangi mbalimbali, achague. Fundi alianza na cheupe.

"Hicho cha nani?" Bibi akauliza. "Cha bibi harusi? Mimi nina miaka sabini na moja. Nikipita na meno ya miaka ishirini, watu si watasema nimemnyang'anya mtoto?"

Fundi akasogeza kidole kwenye kinachofuata.

"Bado. Tia chai kidogo."

Akasogeza tena.

"Hapo. Chai ya maziwa. Hayo ndiyo yangu."

"Wiki tatu, Bibi," Fundi alisema, akichonga namba yake kwa kisu kwenye plasta.

Tulirudi kwa miguu, taratibu, nimemshika mkono. Tulipofika kwenye bucha la kona akasimama. Alikuwa hajasimama hapo miaka minne. Akamwita mwenye bucha, akaitikia shikamoo yake, akaanza kuuliza habari za mbavu: za mbuzi au ng'ombe, zinakuja siku gani, zina mafuta kiasi gani.

Nikamvuta kidogo. "Bibi, bado wiki tatu."

"Najua kuhesabu," alisema. "Namwambia mapema ajiandae."